Faini ya 60,000 iliyonila laki mbili

Simu ilinikuta sokoni Mtwara, saa mbili asubuhi. Mpwa wangu, anayeendesha Kirikuu (kigari kidogo cha mizigo) yangu ya samaki, alikuwa amesimamishwa kati ya Mtama na Nyangao. Sikushtuka, kwa sababu kwenye njia ile kusimamishwa ni kama kupiga chafya. Akasema, "Mjomba, hawajanikamata na kosa. Wameingiza namba ya gari kwenye mashine, inasema tunadaiwa 112,500."

Vyeti vitatu vya faini za barabarani. Mimi sikuwa na habari hata ya kimoja.

Viwili vilikuwa vyake kweli. Alipigwa tochi (kamera ya kupima mwendo) Mnazi Mmoja, kisha Ndanda, akavikunja vyeti na kuvisukuma nyuma ya kioo cha jua, akijiambia atalipa mwenyewe mwisho wa mwezi ili nisimkate kwenye hesabu. Mwisho wa mwezi ulikuja na mambo yake. Kila cheti cha 30,000 kilikuwa kimeshafika 37,500, maana ukipitisha siku saba bila kulipa unaongezewa robo. Cha tatu ndicho kilichonichanganya: kosa la mwendokasi Mbagala, Dar es Salaam, siku ambayo gari lilikuwa kwa fundi pale Mtwara, giaboksi iko chini kwenye turubai.

Watu wengi wakiandikiwa cheti wanahesabu 30,000 na kuishia hapo. Mimi siku ile nilihesabu hivi. Gari lilizuiwa kituoni mpaka deni lilipwe, likakaa juani kwa muda wa saa nne likiwa na kilo sitini za changu na kibua. Barafu ya kuongezea ilikula 10,000. Mteja wa Masasi alipomwona samaki jicho limeanza kuingia ndani, akashusha 1,500 kwa kila kilo, na sikuwa na mdomo wa kubishana: 90,000 imeondoka. Basi la kunipeleka Mtama na kunirudisha, pamoja na chai, 15,000. Weka hapo 75,000 ya vile vyeti viwili halali. Ni 190,000, na bado cha tatu sijakigusa. Sijaweka kwenye hesabu yule mteja, ambaye wiki iliyofuata aliagiza kwa mtu mwingine.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza hauhusu sheria hata kidogo. Kama una gari na dereva, zungumzeni cheti kitalipwa na nani kabla hakijaandikwa. Kosa langu lilikuwa kumwambia mpwa wangu tangu siku ya kwanza, "Faini ni juu yako." Nilidhani namfunza nidhamu, kumbe nilimfunza kuficha. Sasa hivi nalipa mimi siku hiyo hiyo, halafu tunagawana baadaye kwa utaratibu wetu. (Huku kwetu Umakondeni mtoto wa dada yako ni mzigo wako, upende usipende. Afadhali uujue uzito wake mapema.)

Na usisubiri kuambiwa na trafiki. Mfumo wa Jeshi la Polisi unaoitwa TMS uko wazi kwenye simu yako. Unaingiza namba ya gari au ya leseni, unaona deni, mahali na kosa. Mimi naangalia kila Jumapili jioni. Ukitaka kununua gari la mtu, angalia kabla hujatoa hata senti, kwa sababu mashine ya barabarani inasoma namba ya gari, haijali kwamba wewe umelinunua juzi.

Turudi kwenye kile cha Mbagala, kwani ndicho kilichonifundisha kupinga.

Jambo ambalo madereva wengi hawalijui ni kwamba kile cheti si hukumu. Chini ya Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973, askari anakupa nafasi ya kukubali kosa na kulipa ili yaishe. Ukilipa, umekubali. Usipokubali, njia iliyopo ni mahakama, na huko wa kuthibitisha ni upande wa mashtaka, si wewe. Ndiyo maana maneno ya pale barabarani yana uzito. Ukisema "nisamehe afande, nilikuwa na haraka", umeshakiri mwenyewe. Sisemi uwe mkali. Msalimie, toa leseni, halafu uliza taratibu: naomba kuona picha. Picha ya tochi iwe na namba ya gari lako inayosomeka, mwendo na muda. Kama kosa ni la kibao cha 50 (mwisho kilomita 50 kwa saa), angalia picha imepigwa wapi. Kuna mahali kibao kimemezwa na majani ya mpapai, na kuna mahali umeshakivuka kibao cha kumaliza 50 ndipo tochi inakukuta. Piga picha kibao kilipo, piga na cheti, andika saa. Tandiboi wako, yaani msaidizi wako garini, naye ni shahidi, mwambie akumbuke alichokiona. Ukirudi kesho kutafuta ushahidi utakuta majani yamefyekwa.

Mimi nilikuwa na bahati, kwa sababu ushahidi wangu ulikuwa umelala kwa fundi. Kwanza nilikataa kulipa kile cha tatu. Nilimweleza mkuu wa zamu kwamba viwili nalipa sasa hivi, cha tatu si changu; akanielewa, akaniruhusu niondoe gari na kuniambia nikalimalize kwa mkuu wa usalama barabarani wa mkoa. Nikaandika barua ya ukurasa mmoja, bila matusi wala hadithi ndefu. Nikaambatanisha nakala ya kadi ya gari, risiti ya spea za giaboksi yenye tarehe, na picha tuliyotumiana na fundi siku ile ile. Nikaomba jambo moja tu: picha ya tochi iangaliwe upya.

Safari ya kwanza mhusika hakuwepo. Ya pili niliambiwa jalada limeenda Dar es Salaam. Ya tatu nikaonyeshwa picha kwenye simu: gari dogo la kutembelea, jeupe, namba inafanana na yangu isipokuwa herufi moja. Kirikuu na gari lile hata mtoto wa chekechea angeyatofautisha. Deni likafutwa baada ya wiki tatu hivi. Bodaboda, nakala na bahasha vilinigharimu 22,000, nikipigania 37,500. Kuna jamaa yangu aliniambia nimepoteza muda. Labda. Lakini ningelipa, ningekuwa nimekubali kwamba gari langu lilikuwa Mbagala siku ile, na sijui ni nani angekuja baadaye kuniuliza lilikuwa linafanya nini huko.

Mahakamani sijafika, ila jirani yangu wa bajaji amefika. Alipoulizwa na hakimu, akakubali kosa ili awahi abiria, halafu akataka kukata rufaa. Haiendi hivyo. Ukishakiri kosa mwenyewe, rufaa inabaki kulalamikia adhabu tu. Na hakimu habanwi na ile 30,000, au 10,000 kwa wenzetu wa bodaboda na bajaji. Ukishindwa anaweza kukutoza zaidi. Kama unajua moyoni kwamba ulikimbia, lipa uende zako. Kesi inakula siku, na siku moja ya Kirikuu msimu wa korosho ni hela.

Ile njia ya tatu mnaijua, ya elfu tano ndani ya leseni. Niliitumia zamani, sitajifanya malaika. Haikuachii risiti, na ukivuka kilomita kumi mwingine anakuandikia kosa lile lile. Zaidi ya hapo, sheria ya rushwa ya mwaka 2007 inamshika anayetoa kama inavyomshika anayepokea. Ukiombwa, TAKUKURU (taasisi ya kupambana na rushwa) wanapokea simu namba 113 bila malipo. Fedha ya faini ilipwe kwa namba ya malipo kwenye simu au benki, isipite mkononi mwa mtu.

Siku hizi mpwa wangu akiandikiwa hawashi gari kabla hajanitumia picha ya cheti. Alhamisi iliyopita ilikuja moja kutoka Mnazi Mmoja: kupita gari jingine penye mstari usiokatika, 30,000. Nikampigia.

"Mstari uliuona?"

Kimya kidogo. "Niliuona, mjomba."

Nikalipa kabla hajafika Mtama.