Friji ya karavani ikizidiwa na joto, tazama mgongo wake

Malalamiko ni yale yale kila jua likikaza. Friji ya karavani iliyokuwa ikigandisha maji miezi ya baridi inaanza kulegea: maziwa yanachacha kabla ya jioni, siagi inakuwa mchuzi, nyama inabidi ipikwe yote siku hiyo hiyo. Mwenye gari anazungusha kitufe hadi mwisho, anasubiri, haoni tofauti. Kinachofuata ni kuulizia bei ya friji mpya.

Kwa wasiozizoea, karavani ninayoizungumzia ni gari lenye kitanda, jiko na friji ndani, liwe la kujiendesha au la kukokotwa. Nimeishi na friji za aina hii katika joto kali, na anayeniuliza namjibu jambo moja: achana na kitufe, toka nje, fungua vile vifuniko viwili vya matundu ya hewa ubavuni mwa gari. Mara nyingi tatizo liko huko.

Nyingi ya friji hizi hazina kompresa, ile pampu ya kubana gesi iliyo kwenye friji za nyumbani. Zinatumia joto kuleta baridi, na hilo huwashangaza wengi. Chini kwa nyuma kuna boila ndogo inayopashwa moto kwa gesi au kwa umeme, na ndani ya mabomba yaliyozibwa kabisa kuna amonia, maji na haidrojeni. Joto linaitenga amonia na maji, ikapanda juu ikiwa mvuke mpaka kwenye mabomba yenye mapezi ya alumini, yaani vibati vyembamba vya kutawanya joto. Hapo inapoa na kuwa kimiminika, kisha inaingia kwenye mabomba ya friji, inageuka mvuke tena kati ya haidrojeni, na katika kugeuka huko inanyonya joto la vyakula vyako. Maji yanaifyonza upya, mzunguko unaendelea. Mfumo huu ulibuniwa Sweden mwaka 1922 na wanafunzi wawili, Baltzar von Platen na Carl Munters, na hauna kifaa hata kimoja kinachozunguka. Ndiyo maana usiku husikii kitu.

Sasa rudi pale juu kwenye mapezi. Amonia inapozwa na hewa ya kawaida tu, ile ile inayotuchoma sisi. Hewa ikiwa ya nyuzi 38, imesimama, na ukuta wa gari umepigwa jua tangu asubuhi, mvuke hauna pa kuliacha joto lake. Hapo ukiongeza moto chini unazidisha tu joto lililokwama nyuma. Tazama pia kibandiko ndani ya friji, kuna herufi zinazoonyesha hali ya hewa iliyokusudiwa. N maana yake imetengenezwa kwa mazingira yasiyozidi nyuzi 32, ST nyuzi 38, na T nyuzi 43. Mwenye N akipiga kambi kwenye nyuzi 40 asimlaumu fundi.

Njia ya hewa ni rahisi kuielewa: inaingia tundu la chini, inapita kwenye mapezi, inapashwa moto, inatokea tundu la juu au la kwenye paa. Kuipima hakuhitaji chombo. Friji ikiwa imewaka kwa saa kadhaa, chana ukanda mwembamba wa karatasi ya chooni, uushike mbele ya tundu la chini siku isiyo na upepo. Njia ikiwa safi, ukanda unapinda taratibu kuelekea ndani. Ukining'inia tu kama uzi, hewa haipiti. Halafu weka kiganja kwenye tundu la juu, unatakiwa kusikia hewa ya moto ikitoka. Kama juu kuna uvuguvugu tu, na ukuta wa ndani juu ya friji unaunguza, basi joto limejifungia humo.

Vinavyoziba ni vya kawaida: viota vya nyigu, majani, vumbi lililoshikana na mafuta ya jikoni, na vile vifuniko vya msimu wa baridi ambavyo mtu alivifunga na kuvisahau. Hayo unasafisha kwa brashi laini, kazi imekwisha.

Lakini kuna kasoro isiyoonekana kwa haraka, nayo ni nafasi kubwa mno nyuma ya friji. Watu wanadhani nafasi kubwa ndiyo nzuri. Hewa ni mvivu, hufuata njia iliyo nyepesi. Ikikuta uwazi mpana kati ya mapezi na ukuta wa gari, itapanda kupitia huko na kutoka bila kuyagusa mapezi. Karavani yangu ilitoka kwa walioiunda ikiwa na uwazi wa kutosha kupitisha mkono mzima. Nilichofanya ni kukunja bati jembamba la alumini na kulifunga upande wa ukuta, kuanzia chini kidogo ya mapezi, ili liisukume hewa iyapitie. Nikaacha kama sentimita mbili tu. Juu ya friji pia palikuwa na shimo tupu ambamo hewa ya moto ilizunguka bila kutoka. Nikaweka bati jingine la mshazari linaloiongoza kwenye tundu. Mabadiliko yalionekana kwenye kipimajoto kabla sijafunga feni yoyote.

Feni inakuja baada ya hapo. Zile ndogo za volti 12 zinazopoza kompyuta zinatosha, mbili zikikaa upande kwa upande chini ya tundu la juu, zikivuta hewa kwenda nje. Zisiwekwe karibu na mwali wa gesi, maana zitauyumbisha au kuuzima. Zipatie swichi inayojiwasha joto la mapezi likipanda, la sivyo zitakula betri usiku wa baridi bila faida. Na hili ni la uhai: ukuta unaotenganisha mgongo wa friji na chumba mnamolala lazima uwe umezibwa vizuri. Gesi inapoungua hutoa moshi wake huko nyuma, na moshi huo unaweza kuwa na kaboni monoksidi, gesi ya sumu isiyo na harufu. Ukifanya kazi yoyote hapo, usizibe bomba la moshi, usiache upenyo kuelekea ndani, na kengele ya kaboni monoksidi iwepo na iwe nzima.

Kuegesha nako kuna ufundi wake. Usitafute tu kivuli cha sasa, jiulize kivuli kitakuwa wapi saa tisa alasiri, kwa sababu jua la alasiri ndilo baya zaidi. Upande wenye friji usitazame magharibi. Ukilazimika, tandaza turubai kama mwavuli, liwe mbali na ukuta kiasi cha hewa kupita. Ukilibandika juu ya matundu umejiharibia mwenyewe. Wenye sola wana mtihani hapa, maana paneli zinataka jua na friji inataka kivuli. Mimi nabeba paneli moja ya kukunja yenye waya mrefu, gari linakaa kivulini na paneli inaota jua peke yake.

Gari likae sawasawa pia. Ndani ya mabomba yale vimiminika vinashuka kwa uzito wao tu, hakuna pampu inayovisukuma. Gari likiinama, vinatuama mahali visipotakiwa, boila inapata moto bila kupata mtiririko. Baadhi ya watengenezaji huweka kikomo cha digrii 3 friji ikiinama kulia au kushoto, na digrii 6 ikiinama mbele au nyuma. Ukiiacha inawaka imeinama kwa muda mrefu, kemikali iliyowekwa kuzuia kutu ndani ya mabomba inaweza kuganda na kuziba njia, na huo ndio mwisho wa friji. Safarini haidhuru sana, kwa kuwa gari linacheza na vimiminika vinacheza nalo.

Suala la gesi au umeme huleta ubishi mwingi. Katika joto, mimi niko upande wa gesi, na sababu ni hesabu. Koili ya umeme inayopasha boila hutoa joto kulingana na mraba wa volti. Kambini alasiri kila mtu amewasha kiyoyozi, umeme wa volti 230 unashuka hadi 207, yaani pungufu ya asilimia 10. Koili yako haipungukiwi asilimia 10, inapungukiwa 19. Na friji iliyo kwenye hali ya kujichagulia itang'ang'ania umeme huo dhaifu, maana kwake umeme upo. Badili kwa mkono uweke gesi. Mwali uwe wa buluu na uliotulia. Ukiwa wa njano unaocheza, mwite fundi asafishe, huenda buibui amefuma utando kwenye kibomba, jambo la kawaida kuliko mtu anavyodhani. Gesi izimwe kabla ya kuingia kituo cha mafuta. Upande wa volti 12, yaani umeme wa betri ya gari, ni wa kutunza baridi wakati injini inaendelea kuchaji. Friji ya namna hii inaweza kula ampia 10 hadi 15 mfululizo, kwa hiyo betri ya ampia-saa 100 haimalizi usiku.

Ndani ya friji, kosa kubwa la watu ni kuipakia vitu vya moto. Kupoza lita moja ya maji kutoka nyuzi 35 hadi 5 kunataka kuondoa kilojuli 125 hivi. Kreti ya vinywaji ikiingia mchana, friji inahangaika nayo hadi usiku wa manane na nyama inasubiri foleni. Iwashe siku moja kabla ya safari, ipakie vilivyokwisha kupoa nyumbani, na vinywaji vipe kisanduku chao cha barafu, kwani ndivyo vinavyofunguliwa kila saa. Chupa mbili za maji yaliyogandishwa ndani ya friji ni msaada mkubwa: kilo moja ya barafu ikiyeyuka hunyonya kilojuli 334, kazi ambayo friji haitalazimika kuifanya saa ya jua kali. Zikishayeyuka, unakunywa.

Acha nafasi kati ya vitu ili hewa izunguke, usifunike rafu kwa karatasi au trei pana. Feni ndogo ya betri ikikaa ndani ya friji, karibu na mapezi ya humo, husawazisha baridi ya juu na ya chini. Kwenye mapezi hayo ya ndani kuna kihisi cha kupima joto kilichobanwa kwa klipu. Katika friji nyingi ukikisogeza juu kidogo, friji inapoa zaidi. Ukoko wa barafu ukifika nusu sentimita, yeyusha, maana unafanya kazi ya blanketi. Usiukwangue kwa kisu.

Raba ya mlango ipime kwa kubana kipande cha karatasi na kukivuta, pande zote nne na hasa kona. Kikitoka bila kukwama, hewa ya moto inaingia hapo. Na taa: weka simu ndani ikirekodi video, funga mlango, kisha itoe uangalie. Kwa jamaa yangu mmoja taa ilikuwa haizimiki, inapasha moto rafu ya juu mchana na usiku, na friji nzima ilikuwa imeshahukumiwa kutupwa.

Kipimajoto kiweke ndani ya glasi ya maji katikati ya friji, usome asubuhi kabla mtu hajafungua mlango, kisha alasiri. Kinatakiwa kisizidi nyuzi 4 au 5. Asubuhi 3 na alasiri 7 maana yake mfumo ni mzima ila unazidiwa na joto, rudi kwenye matundu na kivuli. Ukisoma 10 hata alfajiri yenye ubaridi, tatizo ni jingine. Kwa chakula chenyewe, Wizara ya Kilimo ya Marekani inashauri kutupa nyama, maziwa na vyakula vilivyopikwa vikikaa nje ya baridi zaidi ya saa mbili, au saa moja tu hewa ikizidi nyuzi 32. Kunusa hakutoshi, bakteria wengi wabaya hawana harufu.

Anayetaka kubadili kabisa, friji ya kompresa ya volti 12 hustahimili joto vizuri zaidi na haijali gari likiinama. Inakula ampia chache na hupumzika kila ikifikia kiwango. Inachotaka ni betri ya kutosha na waya mnene, kwa sababu waya mwembamba hupoteza volti njiani na kompresa inagoma kuwaka hata betri ikiwa imejaa. Nayo pia ina mgongo unaotaka hewa.

Kuna hali moja ambayo bati na feni havisaidii. Ukisikia harufu kali ya amonia inayochoma pua, au ukaona unga wa njano kwenye mabomba ya nyuma, mfumo umetoboka. Zima gesi na umeme, fungua madirisha na mlango, toeni watoto nje kwanza, na usiiwashe tena. Bomba hilo halichomelewi. Fundi atabadilisha mfumo mzima wa kupoza au friji yenyewe.