Jojo, sindano za vinkristini na dawa ya fangasi

SWALI: Daktari habari, mimi ni Mama Kevo wa Umoja. Mbwa wetu Jojo amekuwa akitoka damu kule chini, tukadhani ni joto tu manake ulikuwa wakati wake, lakini haikuisha na baadaye tukaona kinyama chekundu kimejitokeza kama koliflawa. Vet akasema ni TVT, kansa ya mbwa ya sehemu za siri, akamdunga vinkristini, dawa ya kansa, na akatuambia tumrudishe kila wiki. Sasa Kevo ametumiwa kwa WhatsApp ati kuna dawa ya fangasi imezuia uvimbe kwa panya, ameenda kemisti akanunua itrakonazoli, anataka Jojo ameze pamoja na hizo sindano ndio apone haraka tuwache kulipa. Nimpe?

JIBU: Usimpe, Mama Kevo. Na kama ashameza hata moja, pigia vet wake simu leo, usingoje mpaka siku ya sindano.

Kevo hajadanganywa lakini. Hiyo utafiti iko na ni ya maana sana. Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford kule Marekani walionyesha kwamba itrakonazoli inaziba njia moja ya mawasiliano ndani ya seli, inaitwa Hejihogi, ambayo kuna aina za uvimbe zinaitegemea ndio zikue, na panya waliokuwa na uvimbe kama huo wa ubongo walipopewa ile dawa uvimbe ukapunguza kasi. Halafu 2012 wengine wa Chuo Kikuu cha Texas, Austin, wakaja na thiabendazoli, dawa nyingine ya fangasi, na hii mimi naipenda zaidi vile walivyoipata: walianzia kwa hamira! Hamira haina damu wala mishipa, lakini ina kundi la jeni ambazo sisi pia tuko nazo na kwetu zinasaidia kujenga mishipa ya damu, sasa wakajiuliza, dawa inayogusa hizo jeni kwa kuvu itafanya nini kwa mnyama? Wakaweka viluwiluwi vya chura ndani ya dawa, mishipa ikaanza kuvunjika. Wakaenda kwa panya waliopandikizwa seli za kansa ya binadamu, uvimbe ukakua polepole kwa sababu hauna mishipa mipya ya kuulisha.

Polepole, Mama Kevo. Hakuna mahali walisema umeisha. Na uvimbe wa panya wa maabara si TVT. TVT ni kitu yake ya ajabu kabisa, seli zenyewe za uvimbe ndizo zinaruka kutoka mbwa mmoja hadi mwingine wakipandana au wakilambana, zimekuwa zikihama hivyo kwa maelfu ya miaka, na mitaani kwetu mbwa wakizurura bila kuhasiwa tunaiona kila saa. Bahati ni kwamba inaskia vinkristini vizuri sana. Wengi wanapona wakimaliza sindano zao, na kwa kawaida ni chache tu, hata wiki nane mara nyingi hazipiti.

Sasa shida iko hapa. Vinkristini inavunjwa na vimeng'enya vya ini, na itrakonazoli inazuia vimeng'enya hivyohivyo, na ketokonazoli, dawa nyingine ya fangasi, pia. Ukizipa pamoja vinkristini inakaa mwilini kwa wingi kuliko vile vet alipiga hesabu, inaanza kuumiza neva. Kwa watoto wa binadamu wanaotibiwa lukemia, kansa ya damu, hii imeonekana, tumbo linafunga kabisa, miguu inakosa nguvu, wengine wanapata degedege. Jojo hawezi kukwambia anaskia ganzi, wewe utaona tu amekataa kula, hajaenda choo siku kadhaa, anayumba. Hizo ukiziona usingoje clinic ya wiki ijayo.

Kuhusu pesa, mwambie vet wako wazi mko na ngapi. Ukiona imekulemea uliza bei pia kliniki ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Nairobi pale Kabete. Lakini msikatize sindano katikati ati kinyama kimesinyaa, na akipona ahasiwe. Mikojo yake siku chache baada ya sindano oshea na glavu, na watoto wasiiguse.

SWALI: Dak, mtoto wangu wa miaka sita amepewa griseofulvini ya choa cha kichwa, halafu nasoma mahali ati inaleta kansa na mahali pengine ati inaua kansa. Ni gani sasa? Baba Shiku, Githurai.

JIBU: Mimi ni wa wanyama, Baba Shiku, kwa hivyo ya mtoto fuata daktari wake. Ila hizo habari zote mbili zimetoka maabara. Panya waliolishwa nyingi sana kwa muda mrefu walipata uvimbe wa ini. Na huko Heidelberg, Ujerumani, 2007 ikaonekana inafanya seli za kansa zigawanyike ovyo mpaka zife, lakini hizo ni seli za kwa sahani. Mtoto wako anapewa dozi ya choa kwa wiki kadhaa, hiyo ni hesabu tofauti kabisa. Kitu unaweza kufanya ni umpe na chakula chenye mafuta, maziwa au avokado, manake tumbo likiwa kavu dawa haiingii vizuri, na usiwache nusu njia ati nywele zimeanza kumea.