Taa ya injini ikiwaka, usikimbilie kuagiza sensa

Wadogo zangu mnaoanza gereji, somo hili mimi nililipata kwa pesa ya mteja, na bado linaniuma.

Mama mmoja wa Nkuhungu, hapa Dodoma, aliniletea Toyota IST, taa ya injini imewaka. Nikachomeka mashine ya kusoma kompyuta ya gari, ikaleta namba ya hitilafu P0171, yaani hewa imezidi petroli. Taarifa hiyo hutokana na sensa ya oksijeni, basi nikaamua sensa ndiyo mbovu. Akanunua, nikafunga, nikafuta namba, taa ikazima. Siku ya tatu amerudi na namba ile ile. Nikamwambia labda ile sensa haikuwa nzima, anunue nyingine. Akanunua. Ikawaka tena.

Mzee aliyekuwa ananifundisha kazi hakugusa mashine. Alifungua boneti, akashika ule mpira mweusi wenye mikunjo unaotoka kwenye eya klina kwenda kwenye injini, akautanua kwa vidole gumba. Ndani ya mkunjo mmoja palikuwa na mpasuko usiozidi ukucha, kingo zimeshika vumbi jekundu. Ukiuachia, unajifunga, huoni kitu. Injini ikivuta na kutikisika, unafunguka. Ile sensa ya oksijeni niliyoilaumu ilikuwa inasema kweli tangu siku ya kwanza.

Elewa ilivyokuwa. Hewa inapimwa mwanzoni mwa mpira ule, na kontroli boksi, yaani kompyuta ya injini, inatoa petroli kulingana na kipimo hicho. Hewa inayopenya kwenye mpasuko haijahesabiwa. Kule kwenye ekzosi sensa inakuta oksijeni imebaki nyingi, inatoa taarifa, na kontroli boksi inaongeza petroli. Nyongeza hiyo huandikwa kwa asilimia, na mashine nyingi zinaionyesha kwenye ukurasa wa vipimo injini ikiwa inaunguruma. Kwa gari lisilo na hitilafu hucheza karibu na sifuri. Ikipanda kupita asilimia 20 hivi na kung'ang'ania huko, namba inahifadhiwa. Hitilafu nyingi lazima zionekane kwenye safari mbili ndipo taa iwake.

Kwa hiyo namba inataja kipimo kilichopotoka. Kifaa kilichosababisha unakitafuta wewe.

Siku hizi nikikuta P0171 naangalia hiyo asilimia injini ikiwa sailensa, yaani inaunguruma bila kukanyaga mafuta, kisha napandisha mpaka mizunguko 2,500 kwa dakika. Ikiwa ilikuwa juu na sasa imeshuka, natafuta panapovuta hewa: mipira, gasketi ya manifodi. Ikiwa inazidi kupanda kadiri injini inavyofanya kazi, naenda kwenye pampu na filta ya petroli. Halafu kuna vumbi letu. Gari linalopiga njia za vumbi kiangazi kizima na eya klina imechoka, ule waya mwembamba wa sensa ya hewa hushika uchafu na kupima pungufu, namba inakuwa ile ile. Pulizia dawa ya kusafishia sensa hiyo, uache ukauke. Usiuguse kwa kitambaa.

Kufuta namba kabla ya kuiandika ni kosa ninalowakemea vijana kila wiki. Pamoja na namba, kompyuta hutunza picha ya wakati ule: joto la maji, mizunguko, mwendo, mzigo wa injini. Picha hiyo ndiyo inakwambia kama hitilafu ilitokea asubuhi injini ikiwa baridi au kwenye mlima. Ukifuta, au ukichomoa tu waya wa betri, kwa magari mengi umepoteza ushahidi wote.

Mtu atakuuliza mbona gari linavuta vizuri na taa inawaka. Mfumo huu wa taa na namba ulisukumwa na sheria za moshi, jimbo la California kwanza, na kuanzia magari ya mwaka 1996 ukawa lazima Marekani nzima. Unalinda hewa, si nguvu ya gari, kwa hiyo huona mambo ambayo dereva hayahisi.

Lakini taa ikipepesa, usibembeleze. Injini inamisi vibaya: petroli isiyoungua inaingia kwenye ekzosi, inaungulia ndani ya katalisti, kile kifaa cha kusafisha moshi, na lile sega lake la ndani linaweza kuyeyuka. Mteja akikupigia yuko Kibaigwa na taa inapepesa, mwambie aondoe mguu, aegeshe, usimwambie ajikaze mpaka mjini. Plagi na koili ni bei ndogo ukilinganisha na katalisti.

Kuhusu mashine: gari la zamani la soko la Japani linaweza kuwa na soketi ya matundu 16 na kile kimashine cha bluututhi kisisome kitu. Usiseme kompyuta imekufa. Tafuta mashine inayojua lugha ya kampuni hiyo.

Na mtu akikuomba umkagulie gari kabla hajanunua, washa swichi bila kupiga stata. Taa ya injini lazima iwake, halafu izime injini ikishawaka. Isipowaka kabisa, fungua dashibodi uangalie balbu. Mimi nimeshakuta imefunikwa kwa gundi nyeusi.