Maswali ya Wasomaji: Gari lenye mbio, mfuko mdogo, matairi gani?

Nimenunua kwa mtu Subaru WRX ya 2015, ya gia za mkono. Bado imevaa matairi ya kiangazi, saizi 235/45R17, na yanaelekea kuisha. Naishi kwenye fleti, sina mahali pa kuweka seti ya pili, na nina dola 600 zinazotakiwa zitoshe mpaka matairi yafungwe. Nataka ya misimu yote, ila sitaki gari liwe zito kwenye kona. Nichukue yapi? Na je, naweza kununua mawili sasa na mawili mwezi wa tatu?
*Msomaji, Columbus, Ohio*

Tuanze na mawili kwa mawili, kwa sababu hapo ndipo unapoweza kuua gari. Usifanye hivyo. WRX inaendeshwa na magurudumu yote manne, na yako ya gia za mkono ina difu ya katikati inayogawa nguvu mbele na nyuma kwa msaada wa mafuta mazito ya silikoni. Tairi likilika milimita 1, mzunguko wake unapungua kama milimita 6.3. Subaru inataka tofauti ya mzunguko kati ya tairi na tairi isizidi robo inchi, yaani milimita 6.4 hivi. Kwa maneno mengine, umeruhusiwa tofauti ya milimita moja tu ya mpira. Tairi jipya lina kina cha mifereji cha milimita 8, la zamani limebaki na 4: hiyo ni tofauti ya milimita 25 za mzunguko, na difu inaifidia kila sekunde hata ukiwa barabara iliyonyooka. Silikoni inapata joto, inakaza, gari linaanza kuvuta na kugoma ukikata kona ya kuegesha. Bili ya difu hiyo inashinda seti nzima ya matairi. Nunua manne kwa pamoja, ya aina moja.

Ni vizuri kwamba hujangoja baridi. Mpira wa tairi la kiangazi unaanza kukakamaa joto likishuka chini ya nyuzi 7, na kwenye barafu ya Januari ya Ohio hauna mshiko wowote wa kutegemea. Watengenezaji wengine wanaonya kabisa kwamba ukiliviringisha tairi la aina hiyo kwenye baridi ya chini ya sifuri, mpira unaweza kupasuka.

Sasa, chini ya jina "misimu yote" zinauzwa bidhaa mbili tofauti. Kuna matairi ya safari za starehe, yenye ubavu laini, yanayotengenezwa ili yadumu na yasipige kelele. Haya ndiyo yanayoifanya WRX iwe kama inaelea: ukikata steringi, ubavu unajikunja kwanza, gari linafuata baadaye. Halafu kuna ya misimu yote ya mwendo kasi, yenye ubavu mgumu zaidi na mpira unaoshika zaidi. Wewe unatafuta haya ya pili. Duka likikupa bei nzuri sana kwa saizi yako, uliza kwanza ni ya kundi gani.

Ubavu wa tairi utakuambia mengi kuliko muuzaji. Baada ya saizi, gari lako linataka 94W. Hiyo 94 ni uzito: kilo 670 kwa kila tairi. W ni mwendo: kilomita 270 kwa saa. Mwendo huo huutafuti, lakini herufi hiyo inaenda pamoja na ugumu wa tairi na uwezo wake wa kuvumilia joto, hivyo ukishuka hadi H au T, kwa kawaida unanunua ulaini uleule unaoukimbia. Uzito usishuke chini ya 94 kwa hali yoyote. Kisha tafuta daraja la kudumu, lile linaloandikwa TREADWEAR. Kundi lako mara nyingi liko kati ya 400 na 560. Ukiona 200 au 300, huenda umeshika tairi la kiangazi. Ukiona 700, hilo ni la starehe. Namba hii inatolewa na mtengenezaji mwenyewe, kwa hiyo usiitumie kupima kampuni moja na nyingine kana kwamba ni mizani ya dukani. Daraja la TRACTION liwe AA au A. Hili linapima breki za mstari mnyoofu kwenye maji, halisemi lolote kuhusu kona wala theluji.

Majina? Michelin Pilot Sport All Season 4 na Continental ExtremeContact DWS06 Plus ndiyo yanayoongoza kundi hili, lakini kwa saizi yako manne yatakupitisha dola 600 hata kabla ya kufungwa. Shuka ngazi moja. General ni mali ya Continental, na G-MAX AS-07 yake ni tairi la kundi hilihili. Firestone ni ya Bridgestone, ina Firehawk AS V2. Kumho ya Korea Kusini ina Ecsta PA51. Moja kati ya haya matatu ndilo tungelifunga kwenye gari lako. Usishuke zaidi ya hapo, kwa majina yasiyojulikana yanayouzwa nusu bei. Mengi yanashika vizuri kwenye lami kavu, kisha yanakuangusha kwenye mvua ya nyuzi 5. Usichukue pia matairi yaliyokwisha tumika: kuyapata manne yenye kina sawasawa ni kubahatisha.

Kwenye hizo 600, toa kwanza gharama ya kufunga, kubalansi, valvu, ada ya kutupa ya zamani na kodi. Kinachobaki ndiyo bajeti yako ya mpira. Ulizia punguzo la kurudishiwa fedha ambalo kampuni hutoa hasa majira ya kuchipua na ya vuli. Linaweza kukupandisha ngazi. Gari lako lina vihisi vya upepo vilivyofungwa kwenye valvu, kwa hiyo mwambie fundi mapema asije akavivunja anapong'oa tairi kwenye rimu, na abadilishe mpira mdogo wa kuzuia upepo kwenye kila kihisi. Pima alaimenti (mkao wa magurudumu) siku hiyohiyo. Kabla hujaacha matairi ya zamani, pitisha kiganja juu yake kutoka nje kwenda ndani: ukingo wa ndani ukiwa umelika na wa nje mzima, alaimenti imepinda, na matairi mapya yataliwa vivyo hivyo.

Matairi haya mara nyingi yana upande wa nje ulioandikwa OUTSIDE. Hakikisha neno hilo linaonekana ukiwa umesimama nje ya gari, pande zote mbili. Kilomita 500 za kwanza nenda taratibu, kwani tairi jipya linabaki na utelezi wa kiwandani. Nati za magurudumu zikazwe kwa spana ya kipimo kama kitabu cha gari kinavyosema, zirudiwe baada ya kilomita 80 hadi 100. Upepo pima tairi likiwa baridi. Kila joto la hewa likishuka nyuzi 5 au 6, unapoteza takriban PSI 1, ndiyo maana taa ya upepo huwaka asubuhi ya kwanza ya baridi kali. Zungusha nafasi za matairi kila kilomita 8,000 hadi 10,000, na kwa gari lako hili si hiari, kwa sababu ndilo linaloiweka ile tofauti ya milimita moja chini ya udhibiti.

Na ujue mwisho wake. Tairi la misimu yote linakuvusha kwenye theluji nyepesi iliyopondwapondwa, si kwenye barafu. Kuendeshwa na magurudumu manne kunakusaidia kuondoka, lakini kusimama kunategemea mpira peke yake. Kina kikifika chini ya milimita 4, lihesabu kuwa limemaliza kazi ya theluji, hata kama sheria bado inalikubali. Kwenye yale ya Continental DWS kuna herufi D, W na S zilizochongwa juu ya mpira: S ikifutika, theluji basi; W ikifutika, mvua basi. Kwa tairi lingine lolote, chomeka sarafu ya Marekani ya senti 25 kwenye mfereji, kichwa cha Washington kikiwa chini. Ukiona kilele cha kichwa chake, umebakiwa na milimita 3.2 au pungufu, na mvua imeanza kuwa hatari.

Subaru Impreza yangu ya tabo (turbo) imeingia juzi kutoka Japani. Matairi yana kashata (vinundu vya uso wa tairi) nene kabisa, saizi 205/50R17, na ubavuni kuna alama ya theluji na neno STUDLESS. Muuzaji anasema nina bahati, nitatembea nayo miaka. Ila mawili ya mbele yana uvimbe. Fundi amenipatia 215/45R17 mbili kwa bei rahisi. Nifunge?
*Msomaji, Tabata, Dar es Salaam*

Usifunge, ndugu yetu, na yale ya nyuma nayo yatoe. Hayo ni matairi ya barafu ya Japani. Mpira wake ni laini makusudi ili ushike barafuni, na kila kashata imekatwa vipasuo vyembamba vingi. Kwenye lami ya Dar ya saa nane mchana, kashata hizo zinayumba kila ukigusa breki, zinapata joto, zinameguka vipande. Unene uliouona ndio tatizo lenyewe: kashata ndefu ya mpira laini inayumba zaidi. Kwenye mvua ya masika, breki zinakwenda mbali kuliko tairi la kawaida la bei ya chini. Herufi ya mwendo huwa mara nyingi ni Q, yaani kilomita 160 kwa saa, wakati gari lako limetengenezwa kwa matairi ya V, 240. Soma pia tarakimu nne za mwisho za namba ya kiwandani iliyo ubavuni, ambayo mara nyingi huanza na DOT: 4116 maana yake wiki ya 41 ya mwaka 2016. Tairi lililovuka miaka 10 tangu kutengenezwa halifai hata kama halijawahi kugusa barabara.

Kuhusu 215/45R17, tupige hesabu. 205/50R17 ina kipenyo cha milimita 636.8. 215/45R17 ina 625.3. Kwa kilomita moja, tairi la kwanza linazunguka kama mara 500, la pili mara 509. Ukitoka Dar kwenda Morogoro, kilomita 190 hivi, magurudumu ya mbele yatakuwa yamezunguka zaidi ya mara 1,700 kuliko ya nyuma, na kwa kuwa gari lako nalo linaendeshwa na magurudumu yote manne, tofauti hiyo yote inasagwa ndani ya gia boksi. Hata mlima Kitonga, njia ya Iringa, hutafika salama.

Kama 205/50R17 ni adimu au ghali, uliza 225/45R17, ambayo inapatikana kirahisi zaidi. Kipenyo chake ni 634.3, tofauti haifiki nusu ya asilimia, na inakaa kwenye rimu ya upana wa inchi 7. Linganisha namba ya uzito na kibandiko cha mlangoni, ichukue manne, kisha kata steringi hadi mwisho kushoto na kulia uone kama inasugua. Usihangaike kutafuta alama ya M+S (matope na theluji) wala ya theluji. Kwa Tanzania, hata Njombe na Makete kwenye umande wa barafu wa Julai, unachohitaji ni tairi la kawaida la barabarani lenye mifereji mipana ya kutoa maji na TRACTION A.

Nina Golf GTI yenye matairi ya misimu yote ya M+S, ya 2017, na kina bado ni milimita 5. Rafiki ananiambia siyo halali tena kwenye theluji. Kweli?
*Msomaji, Ujerumani*

Kweli. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024, Ujerumani inatambua tu tairi lenye alama ya mlima wa vilele vitatu wenye chembe ya theluji ndani yake. M+S peke yake haitoshi tena. Sheria haifuati tarehe za kalenda, inafuata hali ya barabara: ukiendesha kwenye theluji, tope la theluji au barafu bila alama hiyo, faini ni euro 60 na pointi moja kwenye rekodi yako ya udereva, na ukizuia wengine ni euro 80. Kiangazi unaweza kuyamalizia, ila tunakushauri uyabadilishe kabla ya Oktoba.

Msumari umeingia karibu na ukingo wa tairi jipya, vidole viwili kutoka ubavuni. Fundi anataka kuingiza kijiti cha mpira kwa nje.
*Msomaji, Mombasa*

Kwa gari lenye mbio, usikubali. Pancha inazibwa kwa usalama pale katikati ya uso wa tairi, na tundu lisizidi milimita 6. Tairi livuliwe kwenye rimu, liangaliwe ndani, libandikwe kiraka chenye shina kutoka ndani. Karibu na ukingo, mpira unajikunja kila mzunguko, kiraka kinaachia, na kwa kawaida kinaachia ukiwa kwenye mwendo. Tairi likishavuliwa, tazama ndani yake: ukikuta unga mweusi, lilitembea bila upepo na ubavu wake umekwisha, hata kama tundu liko katikati kabisa.