Umeme ukikatika, mlango wa dharura ubaki umefungwa au ufunguke?

SWALI: Mhandisi, habari za kazi. Mimi ni msimamizi wa hosteli ya wasichana ya chuo kimoja jijini Mwanza, jengo la ghorofa tatu. Vibaka walikuwa wakituingilia mara kwa mara, hivyo uongozi uliweka makufuli ya sumaku kwenye milango miwili ya dharura na kuyaunganisha na paneli ya kengele ya moto. Umeme ulipokatika milango ilikuwa inaachia yenyewe, ndipo fundi akaongeza betri, na sasa inabaki imefungwa hata mgao ukidumu usiku kucha. Anasema kengele ikilia itafunguka. Je, hilo linatosha? Aidha, anatushauri tuondoe ving'ora na kuweka spika zenye tangazo la sauti. Ni gharama yenye maana au ni mapambo?

JIBU: Ndugu msimamizi, betri yenyewe si kosa. Kosa, kama lipo, liko mahali ambapo paneli ya moto inakatia umeme, na hapo ndipo ninapoomba mwanzie ukaguzi wenu.

Kufuli la sumaku halina ulimi wala komeo. Ni sumaku ya umeme iliyofungwa kwenye fremu, pamoja na bamba la chuma lililofungwa kwenye mlango. Umeme ukipita, viwili hivyo hushikana kwa nguvu ya kilo 280 hivi kwa aina ya kawaida, na kilo 545 hivi kwa aina kubwa, na umeme ukikatika nguvu hiyo hutoweka papo hapo. Kufuli hili, kwa hiyo, linahitaji umeme ili lifunge na halihitaji chochote ili lifunguke, na hiyo ndiyo sifa inayolifanya likubalike kwenye njia ya kutokea. Kule kufunguka wakati wa mgao ambako uongozi wenu ulikuona kuwa ni udhaifu ndiko kulikokuwa kinga yenu.

Sasa fungueni boksi la saplai ya kufuli, yaani kifaa kinachogeuza umeme wa volti 230 kuwa volti 12 za kufuli, ambalo kwa kawaida huwa juu ya dari karibu na mlango, mfuatilie waya unaotoka kwenye rilei (swichi inayoendeshwa na umeme) ya paneli ya moto. Mafundi wengi huupeleka upande wa volti 230, kabla ya saplai, kwa sababu ni rahisi kuufikia. Kabla ya betri mpangilio huo ulifanya kazi: paneli ilikata, saplai ikazima, mlango ukaachia. Betri ikishaongezwa mambo hugeuka, kwa maana saplai haina namna ya kujua kama umeme umekatwa na paneli ya moto au na TANESCO. Kwake yote ni mgao, hivyo betri inashika zamu na mlango unabaki umefungwa huku kengele inalia. Betri ndogo ya volti 12 na ampea-saa 7, ikiwa kufuli linakula nusu ampea hivi, inaweza kwa hesabu za karatasini kulishikilia zaidi ya saa 12. Moto hauhitaji hata robo saa.

Mkato sahihi unakaa baada ya betri, kwenye waya wa volti 12 unaokwenda kwenye kufuli lenyewe, na upitie ile miguu ya rilei ambayo siku zote imeungana, yaani inapitisha umeme, na huachana paneli inapotoa ishara. Faida yake ni kwamba waya ukikatwa na panya, ukiungua au ukilegea, mlango unafunguka, na hitilafu mnaiona siku hiyo hiyo badala ya kuigundua usiku wa moto. Zaidi ya hapo, kila mlango wa namna hii uwe na boksi la kijani la dharura upande wa ndani, ambalo likibonyezwa linakata umeme wa kufuli moja kwa moja bila kupitia paneli wala mashine ya kadi (ile inayofungua mlango kwa kadi, kama mnayo). Kitufe cha kawaida cha kutokea hakichukui nafasi yake, kwa kuwa mara nyingi kinaiomba tu mashine ya kadi ifungue, na mashine iliyoganda haisikii ombi la mtu.

Hata hivyo, kama ningeulizwa mwanzoni, nisingeshauri sumaku kwenye milango hiyo. Ningeshauri komeo la kusukuma, yaani ule upau unaolala mlangoni kwa upana wake karibu na usawa wa kiuno, ambao ukisukumwa kwa mkono, kwa nyonga au kwa uzito wa watu waliobanana, mlango unaachia. Kwa nje hakuna mpini wa kushika, hivyo kibaka haingii. Kwa ndani hakuna ufunguo wa kutafuta. Halijali mgao wala betri.

Kifaa hicho kina historia chungu. Tarehe 16 Juni 1883, katika ukumbi wa Victoria Hall mjini Sunderland, Uingereza, watoto waliokuwa juu walisikia kwamba zawadi zinagawiwa jukwaani, wakakimbilia ngazi. Mlango wa chini ulikuwa umewekewa komeo kwa namna iliyoacha upenyo wa kupita mtoto mmoja mmoja, na watoto 183 walikufa kwa kubanwa, bila moto wowote. Mwaka 1892 Mwingereza Robert Alexander Briggs alipata hataza ya komeo la kusukuma. Chicago nayo ilipata msiba wake tarehe 30 Desemba 1903, ukumbi wa maonyesho wa Iroquois ulipoungua na kuua watu zaidi ya 600, wengi wakiwa mbele ya milango ambayo hawakuweza kuifungua. Carl Prinzler, mfanyabiashara wa vifaa vya ujenzi, alitarajiwa kuwa ukumbini siku hiyo lakini shughuli zikamzuia. Baadaye alishirikiana na mhandisi Henry DuPont, na kuanzia mwaka 1908 upau wao ukauzwa kwa jina la Von Duprin, ambalo bado liko sokoni.

Hatuna haja ya kwenda mbali hivyo. Machi 2001, bweni la Shule ya Sekondari Kyanguli huko Machakos, Kenya, liliteketea na wanafunzi 67 wakapoteza maisha. Mlango mmoja ulikuwa na kufuli na madirisha yalikuwa na nondo. Mwongozo wa usalama wa shule ambao Kenya iliutoa mwaka 2008 unataka milango ya mabweni ifunguke kwa nje, iwe na upana usiopungua futi 5, na madirisha yasiwe na nondo. Ninyi hamfungwi na mwongozo huo, lakini kama kipimo cha kujipimia sijaona sababu ya kuukataa.

Najua uongozi utauliza: je, wanafunzi wenyewe wakimfungulia mgeni usiku? Swali ni la haki, na jibu lake ni king'ora kidogo cha betri kinachofungwa kwenye upau, ambacho hulia pale mlangoni kila unaposukumwa na kunyamazishwa kwa ufunguo wa msimamizi. Mlango unabaki huru, ila hakuna anayeutumia kwa siri.

Kuhusu spika, fundi wenu ana hoja, ingawa kauli ya kuondoa ving'ora siikubali. Mwaka 1991 watafiti Guylène Proulx na Jonathan Sime walichapisha matokeo ya majaribio yao ya kuwaondoa watu katika kituo cha treni cha Monument, Newcastle. Kengele ilipolia peke yake, abiria wengi walisubiri tu. Walipoelezwa kwa kipaza sauti kinachotokea na njia ya kupita, waliondoka upesi. Kwa jengo lenye wageni wengi, mathalani soko la ghorofa au stendi, tangazo la sauti lina thamani kubwa. Hosteli ni tofauti kidogo: wakazi wanalijua jengo, na kazi ya kwanza ni kuwaamsha. Kipimo kinachotumika sana kwa waliolala ni desibeli 75 kwenye mto wa kulalia, mlango wa chumba ukiwa umefungwa, na king'ora kimoja cha korido hakifikishi kiwango hicho kwenye chumba cha mwisho. Pesa ikiwa haitoshi, ongezeni kwanza ving'ora, kisha spika. Zikija spika, mlio utangulie na tangazo fupi la Kiswahili lifuate.

Msikubali kuuziwa amplifaya ya sherehe kwa jina la mfumo wa tahadhari. Mfumo halisi hujikagua wenyewe muda wote, hutoa taarifa waya wa spika ukikatika, una betri yake, na waya zake hustahimili moto.

Jaribio lenyewe lifanyike mchana, wakazi wakiwa wamearifiwa. Zimeni swichi kuu, msubiri dakika kumi hivi ili kila kitu kiwe kwenye betri, kisha bonyezeni boksi jekundu la kengele na mtu mmoja asukume kila mlango kwa mkono mmoja. Rudisheni hali ya kawaida, mrudie kwa boksi la kijani peke yake. Mwisho, fundi achomoe waya wa rilei kwenye paneli, bila kengele kulia: mlango unapaswa kuachia. Ukibaki umefungwa katika hatua yoyote kati ya hizo, chomoeni betri na mkate umeme wa kufuli hilo jioni hiyo hiyo, mlango ukae na mlinzi wa zamu hadi marekebisho yafanyike, kisha mwombe Jeshi la Zimamoto na Uokoaji waje kukagua kabla ya kumlipa fundi salio lake.