Mashine inanguruma ila maji hayatoki, pampu imekufa au imekabwa?

SWALI: Mbukwenyi fundi. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Ipagala hapa Dodoma. Nina mashine ya kufulia ya mlango wa mbele, kilo saba, huu ni mwaka wa nne tangu niinunue. Jumamosi nimeweka mashuka na yunifomu za watoto ikafua vizuri tu, ilipofika kumwaga maji ikaanza kunguruma mmmmm kama dakika tatu hivi halafu kimya, maji yamebaki nusu ya kioo na mlango haufunguki. Nikazima, baada ya saa moja nikawasha, ikanguruma tena ikanyamaza. Jirani akaniletea fundi, hata bisibisi hajatoa, kasikiliza tu akasema pampu imeungua nimpe hela akanunue nyingine. Sikumpa. Nguo bado zimo ndani na zimeanza kunuka. Je ni kweli imekufa? Na kama imekufa naweza kubadilisha mwenyewe? Baba watoto yuko safarini ila vifaa vyake vipo.
Mama wa watatu, Ipagala

JIBU: Dada yangu, mbukwenyi na pole sana, na hiyo hela umefanya la maana kutoitoa. Nikwambie kitu ambacho hata mafundi wengine wanakipita haraka: pampu iliyoungua koili (ule waya uliosokotwa ndani yake unaoizungusha) kwa kawaida hailii, inakaa kimya kabisa. Yako inanguruma, maana yake umeme unafika na koili inajitahidi, ila kuna kitu kimeikaba isizunguke. Na kule kunyamaza baada ya dakika chache, pampu nyingi zina kikinga joto ndani, ikipata moto sana kinakata umeme, ikipoa kinarudisha, ndo maana baada ya saa moja ikalia tena. Kwa hiyo usinunue chochote bado.

Chomoa plagi kwenye soketi, usiishie kuzima swichi tu. Kama ulifua na maji ya moto hakikisha yameshapoa. Chini upande wa kulia mara nyingi kuna kimlango kidogo, kifungue utaona mfuniko wa filta na pengine kimpira chembamba pembeni yake, hicho ndo cha kutolea maji taratibu kwenye trei au beseni fupi. Kama huna kimpira legeza filta kidogo kidogo kwa kuzungusha kinyume na saa, maji yakitoka mengi unakaza, unamwaga, unarudia. Maji nusu ya kioo ni zaidi ya ndoo moja, kwa hiyo tandika mataulo na uwe na subira. Yakiisha mlango kwa kawaida unakubali kufunguka, toa nguo zako kwanza usuuze kwa mkono.

Sasa chomoa filta yote na umulike na tochi mle ndani, kwa nyuma utaona feni ndogo ya plastiki. Hapo ndipo mambo yalipo. Juzi juzi nimefungua mashine ya nyumba moja Nkuhungu, kesi kama yako hii hii, nikakuta mbegu mbili za ubuyu zimeshatoka rangi zote, zimejibana kati ya feni na ukuta wa plastiki, na pini ya nywele imejikunja imeshika nyuzi na manyoya ya soksi hadi limekuwa donge. Mbegu ya ubuyu ni ngumu kama kokoto jamani, na watoto wa Dodoma mifuko haikosi ubuyu. Pampu ilikuwa nzima kabisa. Mwenye nyumba alikuwa ameshaambiwa na watu wawili anunue nyingine.

Ukishatoa takataka sukuma feni kwa kidole, na plagi iwe bado imechomolewa. Feni nzima haizunguki laini, inaenda kwa kushtukashtuka kwa sababu ndani kuna sumaku, tena inacheza kidogo kabla haijakamata, wengi wakiona hivyo wanadhani imevunjika kumbe ndivyo ilivyotengenezwa. Ubovu ni ikizunguka bure bila kushtuka popote, au ikachomoka na kidole, au ikagoma kabisa wakati hakuna kitu kinachoikaba. Na angalia lile gamba jeupe. Maji yetu ya visima yana chumvi, unaliona kwenye birika, basi na huku linashika vilevile, lipake siki uliache lilainike ndo ulisugue na mswaki wa zamani.

Rudisha filta, kaza vizuri, mimina lita mbili za maji kwenye ngoma (lile pipa linalokaa nguo), chomeka plagi uweke programu ya kukamua peke yake. Mpira wa maji machafu uutoe kwenye bomba la ukutani uuelekeze kwenye ndoo. Maji yakitoka kwa nguvu kwenye ndoo lakini ukiurudisha kwenye bomba yanagoma, basi lililoziba ni bomba lako, pampu haina kosa.

Ikiwa bado inanguruma tu au imekuwa kimya, hapo ndo tuzungumze kubadilisha, na ndiyo unaweza. Chomoa plagi, toa maji yote tena, funga koki, fungua mipira ya nyuma. Mashine nyingi pampu unaifikia kwa chini, kwa hiyo tafuta mtu wa pili muilaze chali taratibu juu ya godoro, usijaribu peke yako, ndani zina vipande vizito vya kuituliza isirukeruke na uzito wake ni wa gunia. Zingine unafungua kava ya mbele au ya nyuma. Kabla hujagusa waya piga picha na simu, halafu piga nyingine, picha ndo itakuokoa wakati wa kurudishia. Pampu ya kawaida ina nyaya mbili tu, hapo kama una mita ya kupimia umeme (multimeter) pima ukinzani wake: nyingi zinasoma kati ya omu 100 na 200, mita isiposoma kitu ujue koili imekatika na hapo kweli imekufa. Ukikuta nyaya tatu acha kupima kwa hesabu hii, hiyo ni aina nyingine.

Mara nyingi huhitaji kutoa kikasha chote kinachokaa filta, pampu yenyewe imeshikwa na skrubu tatu au unaizungusha kidogo inachomoka. Maji yaliyobaki yamwagike, ufute. Chukua hiyo ya zamani MKONONI uende nayo dukani, usiende na jina la mashine peke yake, maana kampuni moja inatumia pampu tofauti tofauti. Linganisha volti (220 hadi 240), wati (nyingi ziko kwenye 30 hivi), idadi ya matundu ya skrubu, na plagi ya waya imekaa upande gani. Ukiikosa hapa mjini tuma picha ya ile lebo kwa muuzaji wa Kariakoo atakuwekea kwenye basi. Ukifunga mpya angalia mpira mweusi wa duara umekaa sawa usijikunje, hapo ndo panapovuja. Jaribu na maji kidogo kwanza, mulika sakafuni bila kugusa kitu, pakiwa pakavu ndo uisogeze ukutani.

Na mifuko ya yunifomu, dada, ikaguliwe yote kabla haijaingia.

SWALI: Fundi, nilibadilishiwa pampu wiki iliyopita, sasa mashine inaingiza maji na yanatoka hapo hapo, haijai inazunguka tu masaa. Nimepewa pampu mbovu?
Kijana wa Kisasa

JIBU: Hapana kaka, cheki mpira wa kutolea maji umewekwa wapi. Nina hakika umelazwa sakafuni bafuni baada ya kazi. Mwisho wake ukiwa chini kuliko ngoma maji yanajivuta yenyewe hata pampu ikiwa imezimwa. Upandishe sentimita 60 hadi 100 kutoka sakafuni, ufunge usianguke, na kama unaingia kwenye bomba usiuzamishe sana wala usiuzibe pembeni, uachie hewa ipite. Kama baada ya hapo bado yanatoka na unasikia pampu inalia muda wote, mwite aliyekufungia aangalie nyaya alivyozirudishia.