Koti moja, watu watano

Mwanangu,

Ujumbe wako nimeusoma mara tatu, nikaona haufai kujibiwa kwa simu. Unasema onyesho lako hapo chuoni Bagamoyo ni la mtu mmoja, wahusika ni watano, wote wa nyumba moja ya kupanga: dalali, mama mwenye nyumba, mpangaji, mtoto wake, na mume aliyeondoka. Ukaniuliza: "Mama, unishonee maleba mapya seti tano, au nguo za mtumba zinaweza kubeba igizo zima?"

Chukua mtumba, na usidhani nakuambia hivyo kwa kukuonea huruma ya pesa. Nguo iliyovaliwa ina mtu ndani yake.

Bibi yako hakuwahi kuita mtumba jina lingine zaidi ya kafa Ulaya. Sisi tulikua nguo zikiwa adimu, kitambaa ni cha foleni, mpaka serikali ilipolegeza uingizaji wa bidhaa mwaka 1984 na marobota yakaanza kujaa masokoni. Watu waliamini ni nguo za Wazungu waliokufa. Bibi alizichemsha kwenye sufuria kabla hajaturuhusu kuzigusa. Siku hizi, baada ya miaka yote hii kwenye cherehani, naona kuna kitu alikuwa akikihisi. Shika koti kuukuu ulitazame vizuri. Kiwiko kimoja kimevimba kuliko kingine. Mfuko wa kulia umelegea kwa sababu kuna mkono ulikuwa ukizama humo kila siku. Kola imelika pale shingo ilipokuwa ikiinama. Kitambaa kipya hakina habari hizo, na wewe utasimama peke yako, huna mwenzio wa kukujibu. Acha nguo ikujibu.

Kwa hiyo usimalize kuandika igizo halafu ndiyo ukatafute nguo. Njoo Jumamosi twende soko la Karume mapema, belo zikifunguliwa. Hatutafuti nguo nzuri. Utavaa, utatembea hatua kumi, utakaa, utainuka. Koti likikulazimisha kusimama kwa namna ambayo si yako, tunalipa.

Na tunatafuta koti moja tu. Seti tano maana yake ni kukimbilia nyuma ya pazia mara tano, na kila ukitoka watazamaji wanabaki wakiangalia jukwaa tupu. Badilika mbele ya macho yao. Koti la kiume lenye mabega makubwa ni dalali. Mimi nitafumua bitana niweke nyingine ya rangi iliyokolea, ya gauni la satini la mtumba, na mishono yote ya ndani niifunike; ukiligeuza ndani nje na kulitupia mabegani, huyo ni mama mwenye nyumba. Ukilikunja na kulipakata, ni mtoto. Likitundikwa kwenye msumari huku taa imelielekea, ni mume aliyeondoka, na hapo huhitaji kusema neno. Mpangaji ndiye asiye na koti. Yeye mpe kanga.

Kanga nayo iwe kuukuu. Mpya ina wanga, inakaa wima kama karatasi na inapiga kelele kila ukigeuka. Iliyofuliwa miaka inashuka na mwili, inakuwa kilemba, mbeleko, shuka la mgonjwa, bila kubishana nawe.

Kuna jambo dogo la vifungo ambalo nataka ulifikirie sana. Shati na koti la kiume hufungwa upande wa kushoto ukiwa juu ya kulia. La kike kinyume chake. Vidole vyako vimezoea la kike. Ukifunga koti la dalali, vitasita kidogo. Usiufanyie mazoezi huo msito mpaka uishe. Utumie: dalali ni mtu ambaye nguo zake bado hazijamzoea. Pale unapotaka kasi, vile vifungo vya nje nitaviacha viwe pambo tu, chini yake niweke vya kubana vinavyofunguka kwa mvuto mmoja.

Sasa nikuambie kosa langu, maana sitaki likupate. Kabla hujazaliwa niliwahi kushonea kikundi cha maigizo cha mtaani kwetu. Suruali ya mtumba, kitambaa kizima kabisa, nikaibana kiuno nikaona imetosha. Kijana wa watu akachuchumaa katikati ya igizo, mshono wa kati ukaachia wote. Aliondoka jukwaani analia. Nilimwomba radhi, na bado naliona lile jicho lake. Uzi huoza kabla ya kitambaa. Tangu siku hiyo kila nguo kuukuu ya jukwaani naishona upya kwapani, katikati ya miguu na kwenye mabega, mara mbili, hata kama inaonekana imara. Yako nitaifanya hivyo hivyo.

Ukitaka kubadilisha rangi mwenyewe, chomoa uzi mmoja uuchome kwanza. Ukinuka kama karatasi na kuacha jivu laini, ni pamba. Itapokea rangi, hata majani ya chai yaliyochemshwa yataifanya ionekane imekaa juani miaka. Ukiyeyuka ukawa kidonge kigumu, ni poliesta. Rangi za kawaida haitazishika, na chini ya taa utaoga jasho. Weupe mtupu uukwepe, taa zikiupiga unameza uso.

Ulinitumia picha za kazi za Bobby Kolade wa Kampala, anayefumua mitumba na kuiunda upya kisha kuiuza kulekule ilikotoka. Nimezipenda, mishono yake ni ya mtu anayeheshimu kazi. Lakini anashona ili nguo itazamwe. Wewe kiraka chako kiwe na sababu ndani ya igizo: mpangaji ametia kiraka wapi, na kwa kitambaa cha nani? Ukikosa jibu, usikiweke.

Kabla ya Jumamosi niandikie kila mhusika anavyokaa chini. Si anavyoongea, anavyokaa. Nitajua mikono ya koti niikate wapi.

Kesho nampa kondakta wa gari la Bagamoyo pale stendi ya Makumbusho mfuko wako. Ndani kuna kanga ya bibi, sindano, chaki, na mkasi wangu mkubwa. Mkasi huo usikatie karatasi.

Mama yako